Picha ya Kuagia

Shangazi yangu anauza vitunguu stendi ya Misuna, hapa Singida mjini. Alikopa shilingi 50,000 kwenye programu ya simu, akachelewa kulipa siku mbili, ujumbe ukamfikia katekista wake: mwambie huyu mama alipe deni. Alilipa siku hiyohiyo, na riba juu. Kisha akaniletea simu. "Baba, nitoe humo."

Nikabonyeza pa kufuta akaunti. Jibu likaja: kwa usalama wake, apige picha ameshika kitambulisho cha NIDA chini ya kidevu, na uso uonekane vizuri. Siku ya kukopa walitaka namba ya NIDA tu, na ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu.

"Kwa hiyo ili wanisahau, lazima wanitazame kwanza?"

Nilisita, maana kuthibitisha kuna sababu. Bila hivyo jirani mwenye kinyongo angekufutia akaunti, na mdaiwa angejifuta pamoja na deni. Januari 2020, siku za mwisho za kusajili laini kwa alama za vidole, shangazi huyuhuyu alisimama juani kwa wakala akifuta kidole gumba kwenye khanga. Mashine ikakataa mara nne. Jembe lilishakula mistari yote. Hakulalamika. Laini ni yake, na aliitaka iendelee kuwa yake.

Hili la sasa silikubali. Namba yake ya simu wanayo. Wangemtumia tarakimu sita, azisome, yaishe. Picha ile ni mzigo mpya wanaouingiza ghalani siku mteja anapoaga. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka kinachokusanywa kisizidi haja ya shughuli yenyewe, na tume ya kuisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Lakini Novemba mwaka huohuo Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Sasa mwenye duka lisilo na leseni utamkuta ofisi gani?

Picha hatukupiga. Nilifunga ile ruhusa ya majina, nikawaandikia watume tarakimu. Wiki ya tatu hii, kimya. Ila jana jioni, shangazi akichambua vitunguu vilivyooza, simu ililia: hongera, sasa unaweza kukopa hadi 80,000.