Mia Tano ya Bodaboda



Asubuhi ya kwanza mimi na mama mchungaji tulipotoka kufanya mazoezi, jirani yetu mmoja alitoka kwenye kibanja chake cha migomba na panga mkononi, akatufuata mbio hadi barabarani. "Bwana Yesu asifiwe! Baba Mchungaji, msiba uko wapi?" Kwa hapa kwetu Ijumbi, Kagera, lilikuwa swali la haki kabisa. Mchungaji na mkewe wakionekana saa kumi na mbili kasoro alfajiri wanatembea upesi, hawana jembe wala kikapu, maana yake kuna nyumba imeamka na kilio. Tulimweleza kwamba hakuna aliyefariki, ni daktari tu ameniagiza nitembee. Alisikiliza kwa adabu, akaitazama miguu yetu, kisha akasema, "Kama ni hivyo, waitu, nyasi za kutandaza kibanja changu bado ziko rweya, kule mbugani. Karibuni mnisaidie kubeba."

Nimelikumbuka neno lake mara nyingi. Watu wetu hawajawahi kukaa bure hata wahitaji kutafuta jasho. Mama anayekata nyasi rweya na kuzibeba kichwani hadi kibanjani, akarudi kushusha mkungu wa ndizi, akateka maji bondeni, hana haja ya kuhesabiwa dakika. Ila mimi nilikuwa nimeacha kutoa jasho. Natoka mtaa mmoja wa usharika kwenda mwingine juu ya pikipiki, na kila nyumba ninayoingia ninakaribishwa: kahawa ya kutafuna kwanza, kisha chai yenye vijiko vitatu vya sukari, kisha ndizi na maharage, na chumvi iongezwe kwa sababu mgeni ameheshimiwa. Kwetu kukataa chakula ni kumkataa mwenye nyumba. Nilikula kwa upendo kwa miaka mingi, nayo presha ikapanda. Siku nilipopimwa, kipimo kilisoma 160 kwa 100, wakati 140 kwa 90 tayari ni hatari. Daktari aliniambia nipunguze chumvi, jumla ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na nitembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Ndizo zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima.

Wapo waliosikitika kuniona nikifanya mazoezi. Mzee mmoja wa kanisa alinijia na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya nne, akanikumbusha kwamba Paulo aliona mazoezi ya mwili yana faida ndogo. Nilimjibu kwamba faida ndogo bado ni faida, na kwamba Paulo mwenyewe alikuwa mtu wa miguu, aliyetembea nchi ambazo sisi tunazisoma tu kwenye ramani za nyuma ya Biblia. Hata serikali, mwezi Desemba 2016, Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, ilitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Lakini leo sitaki kuandika juu ya presha. Nataka kuandika juu ya kutembea wawili.

Daktari alimwagiza mtu mmoja. Mke wangu hakuandikiwa chochote. Aliamua mwenyewe. Usiku ule nilipomwonyesha karatasi alisema tu, "Basi kesho tutoke kabla sijakoka moto." Na kesho yake tulipotoka niligundua kitu ambacho sikuwa nimekitambua katika miaka yote ya ndoa yetu: hatujui kutembea pamoja. Vijia vya migombani ni vya mtu mmoja mmoja. Baba anatangulia, mama anafuata na mzigo. Ndivyo walivyotembea baba zetu na mama zetu, ndivyo tulivyotembea hata siku ya kwenda kuandikisha ndoa. Kwa hiyo tulipofika barabara pana ya vumbi, ambapo hata ng'ombe wanapita wanne kwa safu, bado nilikuwa mbele, na ndala zake nazisikia nyuma yangu. Baada ya kama robo saa aliniita. "Baba, tunatembea pamoja au nakusindikiza?"

Nilisimama. Sikuwa na jibu. Tangu siku ile tunatembea bega kwa bega, na mwanzoni ilikuwa kazi ngumu kuliko kilima chenyewe. Mwenye hatua ndefu lazima azifupishe. Mwenye hatua fupi anaona aibu kusema, "Nimechoka." Unajifunza kusikiliza pumzi ya mwenzako.

Tulipata na mikasa yetu. Raba nilizonunua gulioni ziliachia soli kwenye tope, nikarudi nyumbani pekupeku huku watoto wa shule wakinipa pole njia nzima. Mwezi Novemba senene walishuka alfajiri moja, na hapo mazoezi yakaisha. Mke wangu alivua kitenge cha juu, tukawakusanya hadi jua lilipochomoza, na nakiri kwamba hiyo ndiyo asubuhi niliyofurahi kuliko zote. Siku nyingine mvua ilikuwa imenyesha usiku, mteremko unateleza, naye akaanguka. Nilimwinua. Akapangusa tope, akasema, "Si kitu." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Siku zile nilikuwa nimeanza kujisifia mwendo wangu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nikae chini kuandika.

Jumatano moja alisema ana maharage ya kuchambua, niende peke yangu. Nilishuka hadi bondeni vizuri. Nilipogeuka kurudi, kilima kilikuwa mbele yangu chote, na pembeni kijana wa bodaboda alikuwa anapasha pikipiki yake. Sikupanga. Nilipanda. Nilimwomba anishushe chini ya mti mkubwa wa mhumula, kabla ya nyumba kuonekana, nikampa noti ya elfu mbili, na kwa haraka ya kutotaka kuonekana sikungoja chenji. Nikaingia uani kwa miguu. Mke wangu alikuwa ameshaniwekea maji ya kuoga. "Leo umekipanda kilima chote?" "Chote," nikasema.

Neno moja tu. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyeibiwa. Ijumaa yule kijana, mwaminifu kuliko mchungaji wake, alipita nyumbani na sarafu ya mia tano. "Mama mchungaji, chenji ya baba, ya juzi nilipompandisha." Mke wangu akashukuru, akaipokea, akaiweka mezani juu ya karatasi zangu za mahubiri. Hakusema kitu. Niliikuta pale jioni. Nami sikusema kitu.

Wapendwa, zile siku mbili nilizijua nyumba zenu. Nilizijua zile nyumba ambazo nikiingia kusuluhisha watu wanasema, "Hakuna tatizo, Mchungaji," na chakula kinapakuliwa, na salamu zinatolewa, na kati ya viti viwili kuna sarafu ambayo hakuna anayeigusa. Tulilala, tukaamka, tukasali pamoja. Jumapili nilisimama mbele ya madhabahu, nikawaongoza ninyi nyote katika ungamo la dhambi, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Jioni ile nilimwambia kila kitu: pikipiki, mhumula, na neno "chote".

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha alipandisha kitenge kidogo akanionyesha goti la kulia. Lilikuwa limevimba tangu siku ile ya mteremko. Wiki tatu alikuwa ametembea nalo pembeni yangu, akijifunga kitambaa asubuhi kabla sijaamka, na Jumatano ile ya maharage hakuwa na maharage ya kuchambua. "Niliogopa nikisimama nawe utasimama," alisema. Kwa hiyo nyumba ya mchungaji ilikuwa na siri mbili, moja ya aibu na nyingine ya upendo. Na nawaambia kweli, ya pili ndiyo iliyonichoma zaidi, kwa sababu ilikuwa inamwumiza yeye kila siku na mimi nilikuwa namsifia Mungu kwa afya njema.

Wazee wetu wa uamsho walilijua jambo hili kuliko sisi. Moto ule ulipoingia huku kwetu Buhaya kutoka Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1930, watu hawakuanza kwa kuungama dhambi kubwa. Walirudisha jembe la jirani. Walirudisha sahani. Mume alimwambia mkewe bei halisi aliyouzia kahawa. Kufanya hivyo waliita kutembea nuruni, wakichukua neno la Waraka wa Kwanza wa Yohana, na walipomaliza waliimba wimbo wa Tukutendereza kwa machozi. Askofu Josiah Kibira, mwana wa nchi hii ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, alilelewa katika moto huo. Najua pia yaliyoharibika. Wako walioungama hadharani makosa ya wake zao badala ya yao wenyewe, na wako waliopenda kusikilizwa kuliko kusamehewa. Kwa maoni yangu ungamo la mume na mke huanzia jikoni, na likifika kanisani liwe limeshasamehewa. Hii tafakari mke wangu ameisoma kwanza. Amefuta sentensi mbili, nami sikuzirudisha.

Kwa nini naitia uzito sarafu ya mia tano? Kwa sababu sisi ni watu wa Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika nchi hii walitambuliwa Ndolage, katika hospitali yetu ya kanisa, hapa hapa wilayani kwetu. Walio na umri wangu wanakumbuka yaliyofuata: makaburi mapya migombani, bibi na wajukuu saba chini ya paa moja, nyumba zilizofungwa milango. Sisemi kwamba ugonjwa ulikuwa adhabu. Nawakataza kusema hivyo juu ya mtu yeyote. Wengi walioondoka hawakumkosea mtu. Ninachokumbuka ni kimya. Mume aliyekuwa anajua na hakusema. Mke aliyekuwa anahisi na hakuuliza. Nimekaa kando ya vitanda ambako mtu alitaka kumwambia mwenzake jambo moja tu, na ulimi haukujua njia, kwa sababu katika miaka ishirini ya ndoa haukuwahi kufundishwa hata kusema, "Leo nimepanda pikipiki." Nani atasema neno kubwa kama hajawahi kusema dogo?

Somo la wiki hii ni Luka 24, wawili wanaokwenda Emau. Mmoja anaitwa Kleopa. Wa pili Luka hakumtaja jina. Injili ya Yohana inasema kwamba penye msalaba alisimama Mariamu wa Klopa, na wapo wafafanuzi wanaodhani kwamba Kleopa na Klopa ni mtu mmoja, na kwamba aliyekuwa pembeni yake njiani alikuwa mkewe. Haiwezi kuthibitishwa. Lakini nikiisoma sura ile hivyo naiona vizuri: mume na mke wanarudi nyumbani kutoka msibani, mwendo wa kilometa kama kumi na moja, wanazungumza yote yaliyotukia, hata wanabishana, nyuso zimekunjamana. Hawakuwa wanaomba. Hawakuwa na Maandiko mkononi. Walikuwa wanaambiana ukweli wa huzuni yao, na ni katika maneno hayo Bwana aliwakaribia akaenda pamoja nao. Aliufuata mwendo wao. Na walipofika, wao ndio waliomkaribisha ndani, kama ambavyo sisi Wahaya tungefanya, kwa sababu jua lilikuwa linaelekea kuzama na mgeni haachwi njiani.

Ombi langu kwa wanandoa wa usharika huu wiki hii ni dogo. Tafuteni njia pana kidogo, muende bega kwa bega, hata kama ni kutoka mlangoni hadi kisimani. Mwenye goti aseme goti.

Goti la mke wangu linatibiwa. Ameambiwa apumzike kupanda vilima kwa sasa, kwa hiyo tunakwenda wote hadi kwenye ule mhumula, mahali palipo tambarare, naye anakaa juu ya jiwe na kitenge mabegani. Mimi nashuka hadi bondeni na kurudi, yeye ananitazama. Jana nilipokuwa chini, yule kijana wa bodaboda alishuka na abiria, akapunguza mwendo aliponifikia.

"Mchungaji, shikamoo. Mama yuko pale juu, amenituma kwako."

"Anasemaje?"

"Amesema usikimbie."