Kupanda Mchongoma, Kushuka Ndiyo Ngoma: Funzo la Matterhorn

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Anayetaka kujua uzito wa neno hilo na asome habari za Matterhorn, na hasa yaliyotokea huko Julai 14, 1865.

Matterhorn ni mlima wa mita 4,478 katika mpaka wa Uswisi na Italia. Upande wa Uswisi, chini yake, kuna mji wa Zermatt. Upande wa Italia kuna kijiji cha Breuil. Barafu iliuchonga kutoka pande zote kwa muda mrefu sana, ukabaki na nyuso nne za miamba na migongo minne inayokutana kileleni. Mchana theluji huyeyuka, maji yakaingia katika nyufa. Usiku huganda, yakazipanua nyufa hizo na kulegeza mawe. Na kwa kuwa mlima umesimama peke yake, hakuna kinachoukinga na upepo. Asubuhi anga huwa jeupe, alasiri radi zikapiga.

Mwingereza Edward Whymper alikuwa ameujaribu mara kadhaa tangu 1861, hasa kwa upande wa Italia, bila kufika. Julai 1865 alipata habari kwamba Jean-Antoine Carrel, Mwitaliano aliyewahi kupanda naye, ameshaondoka Breuil na kundi jingine. Whymper akavuka mpaka mbiombio kwenda Zermatt, pamoja na Lord Francis Douglas, kijana wa miaka 18. Huko wakamkuta kasisi Charles Hudson, mpandaji hodari, na Michel Croz, mwongozaji mashuhuri kutoka Chamonix. Hudson alifuatana na Douglas Hadow, kijana wa miaka 19 ambaye milima ya Alps ilikuwa bado ngeni kwake. Whymper aliuliza kama kijana huyo anaweza. Hudson akajibu kwamba amekwisha kupanda Mont Blanc, tena kwa kasi. Hadow akakubaliwa. Wakaongezeka mzee Peter Taugwalder na mwanawe, waongozaji wa Zermatt, wakawa saba.

Walipita mgongo wa Hörnli, na safari ya kupanda ikawa nyepesi kuliko walivyotarajia. Saa nane kasoro mchana walikuwa kileleni. Wakawaona Waitaliano mbali chini yao, wakapiga kelele na kuporomosha mawe ili wajulikane kuwa wameshinda. Wakakaa juu kama saa nzima.

Kushuka, walijifunga wote kwenye mstari mmoja: Croz mbele, kisha Hadow, Hudson, Douglas, mzee Taugwalder, Whymper na kijana Taugwalder. Whymper alikuwa amependekeza wafunge kamba kwenye miamba mahali pagumu ili watu wapate pa kushika. Hudson alikubali, lakini haikufanyika. Croz alikuwa akimwekea Hadow miguu mahali pa kukanyaga, mmoja baada ya mwingine. Hadow akateleza, akamgonga Croz, na uzito wao ukawavuta Hudson na Douglas. Mzee Taugwalder na Whymper wakajikaza kwenye mwamba. Kamba ikakatika kati ya mzee huyo na Douglas. Wanne wakaanguka zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye mto wa barafu. Mwili wa Douglas haujapatikana hadi leo.

Watu walinong'ona kwamba Taugwalder aliikata kamba. Uchunguzi ulimwondolea lawama. Kilichobainika ni kwamba sehemu iliyokatika ilikuwa ya kamba dhaifu kuliko zote walizokuwa nazo, kamba ya akiba, ilhali kamba imara zilikuwapo mizigoni bila kutumika. Siku tatu baadaye Carrel naye alifika kileleni kwa upande wa Italia, akashuka salama.

Tangu hapo zaidi ya watu 500 wamefia Matterhorn. Leo zipo kamba nene zilizofungwa sehemu ngumu za Hörnli, na kibanda cha kujihifadhi kwenye mita 4,003. Lakini mawe hayajaacha kuanguka: katika joto kali la 2003 mwamba uliporomoka, njia ikafungwa kwa muda.

Funzo lipo wazi. Msiba ule ulianzia Zermatt, pale mashindano yalipofanya swali zito lijibiwe kwa sentensi moja. Kasi ya kupanda haikuwa ushahidi wa uwezo wa kushuka. Basi wewe unayeongoza watu, mlimani au kwingineko, kabla ya kuondoka mtafute aliye dhaifu kuliko wote, ujiulize atarudije. Kagua kila kamba kwa mkono wako mwenyewe, na iliyo imara itoe mzigoni itumike. Pangeni saa ya kugeuka, muifuate hata kama kilele kinaonekana. Na mwenzako akipendekeza tahadhari, nawe ukakubali, itekelezwe papo hapo, kwa maana tahadhari iliyoishia mdomoni haijamwokoa mtu.