Baada ya Blanketi

Andiko: Nehemia 2:1-8, 5:1-13



Aprili 2024 unaikumbuka. Mto Mathare ulifurika usiku, watu wakaamka maji yako kitandani. Kanisa lilijitokeza: unga, sufuria, nguo, blanketi. Tulifanya vyema.

Lakini nina jambo la kukiri. Mwezi wa Agosti mama mmoja wa ushirika wetu, fundi wa nguo kule Mathare, aliniambia, "Pasta, blanketi bado ninalo. Kazi ndiyo sina." Cherehani zake mbili zilienda na maji. Alikopa kwa simu anunue moja, halafu akakopa tena kulipa ule mkopo wa kwanza. Sisi tulikuwa tumeshafunga hesabu ya mafuriko. Na mimi niliyesomea biashara ndiye niliyeifunga.

Serikali nayo iliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa kando ya mto. Mwaka 2008, kwa Operesheni Rudi Nyumbani, waliofurushwa na vurugu za uchaguzi pia walipangiwa 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa nyumba iliyoharibiwa. Miaka 16! Kodi imepanda, mabati yamepanda, elfu kumi ni ile ile. Lakini tusinyooshe kidole kabla hatujamwangalia Nehemia.

Kwanza, Nehemia alilia, akafunga, kisha akapiga hesabu. Toka mwezi wa Kisleu mpaka Nisani ni kama miezi minne. Aliposimama mbele ya mfalme hakusema, "Fanya tu vile moyo utakusukuma." Alitaja muda. Akaomba barua. Akaomba miti kutoka msitu wa mfalme. Mpendwa, Aprili hadi Agosti pia ni miezi minne. Yeye aliitumia kujiandaa. Sisi tuliitumia kusahau.

Pili, aliangalia deni. Sura ya 5 inatuonyesha ukuta unapanda huku nyumba za watu zinaanguka. Walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka. Nehemia aliwakemea wakuu kwa riba, akataka mali irudishwe, na hakujitoa: yeye mwenyewe pia alikuwa amekopesha. Mtu akijengewa nyumba na huku anadaiwa, ukuta huo ni wa nani?

Tatu, pesa zionekane. Soma 2 Wakorintho 8:19-21. Paulo hakubeba sadaka peke yake. Alienda na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asiwepo wa kulaumu. Kama Paulo alihitaji shahidi, pasta wa Umoja ni nani?

Kwa hivyo tumekubaliana na wazee hivi. Sadaka yoyote ya maafa itagawanywa mara mbili: nusu ya chakula na malazi sasa, nusu ya kusimamisha kazi miezi ikisonga: cherehani, stoki, vifaa vya fundi. Hakuna riba. Hesabu itabandikwa mlangoni kila mwezi, uisome.

Yule mama alimaliza deni lake mwenyewe, bila sisi. Nilienda kumwomba msamaha. Amenisamehe, na amekubali kukaa kwenye kamati. Alisema yeye anajua swali la kuuliza: si "umekula?" peke yake, bali "utafanya nini Jumatatu?"

Wiki hii, mpendwa, kumbuka mtu mmoja uliyemsaidia wakati wa shida. Mpigie simu. Umuulize hilo swali.

Mungu akubariki.