Mgeni Penye Ibada ya Wengine

Mitundu ni mji mdogo wa Mkoa wa Singida, kusini ya Itigi, kando ya njia iendayo Rungwa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, iliupita kwa mbali. Wafanyabiashara wa Kihindi waliifuata reli hiyo kuingia bara wakafungua maduka, na hivyo watu wengi wa nchi hizi walimjua Mhindi kwa duka kabla ya kumjua kwa dini. Hata methali iliyotoka pwani, Baniani mbaya kiatu chake dawa, husema juu ya kiatu wala haisemi neno juu ya moyo wa aliyekivaa.

Mambo yamegeuka. Vijana wa Tanzania huenda Bara Hindi kusoma, na wagonjwa huenda kutibiwa. Tuseme kijana wa Mitundu, mwanafunzi katika chuo kimojawapo cha huko, ameongozana na wenzake mpaka Varanasi, mji ambao waumini huuita Kashi na ambao ramani za zamani ziliuandika Benares. Hapo mto Ganges hugeuka ukaenda kaskazini, na mji umekaa ukingo wa magharibi, uso wake ukielekea mapambazuko. Ngazi za mawe hushuka majini mahali zaidi ya themanini. Muumini wa Kihindu huamini kuwa afaye Kashi hufunguliwa katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa. Kwa hiyo wako wanaokwenda huko si kuzuru na kurudi, bali kungoja mauti. Iko nyumba iitwayo Mukti Bhawan, iliyoanzishwa mwaka 1958, ipokeayo watu waliokaribia mwisho wao. Na penye ngazi za Manikarnika maiti huchomwa usiku na mchana, mbele ya macho ya kila apitaye.

Kijana amesimama hapo. Hakuja kuhiji, wala hana maiti wake. Ana haki gani ya kutazama?

Kuna majibu mawili mepesi. La kwanza husema kuwa mtu mwenye dini yake hana kazi penye ibada ya wengine, na miguu yake ingalimpeleka kwingine. Jibu hili lina staha, lakini likishikwa na wote kila umma utabaki na methali ya kiatu tu juu ya jirani yake. La pili husema kuwa macho hayana pazia, na jambo lifanywalo hadharani ni mali ya wapitao. Hili ni jibu la sokoni. Mfiwa hakuutoa msiba wake hadharani ili utazamwe. Aliutoa kwa sababu mto uko hadharani. Anayepiga picha ya moto ule na kuondoka nayo amechukua kitu asichopewa, hata kama hakuna aliyemzuia.

Huko kwao kijana huyu amefundishwa kanuni nyingine, ijapokuwa hakuna aliyemwandikia. Msiba wa Mitundu hauna mlango. Mpita njia asiyemjua marehemu hata kwa jina aweza kuingia, na hapana amwulizaye kabila wala dini. Walakini haingii ili aone. Ataitwa kuchimba kaburi, kupasua kuni, kuteka maji, au kuketi tu na wanaume kwenye mkeka, maana kuketi nako ni kazi siku kama hiyo. Mtu aliyesimama kando na mikono mitupu, akikodoa macho, huonekana mara moja, na wazee hawamfurahii. Kwa kanuni hiyo ugeni si kosa. Kosa ni kuwapo bila shughuli yoyote kwa ajili ya wenye jambo. Basi swali la Varanasi hubadilika: mgeni yule ana shughuli gani? Kuni hapewi azibebe. Anachoweza kutoa ni kidogo sana: kunyamaza, kuwapisha wabeba jeneza katika vichochoro vyembamba, kutia kamera mfukoni, na kukaa mbali kiasi ambacho mfiwa hatalazimika kumwona. Ni kidogo, lakini ndiyo kazi iliyopo.

Kuna hatari nyingine, nayo huwapata hasa wasomi. Alfajiri kijana ataona waogaji wamesimama majini hadi kiunoni, wakiinua maji kwa viganja kuelekea jua linalochomoza. Atakumbuka kuwa Wakimbu, warina asali wa misitu ya kwao, zamani walimwita Mungu Ilyuva, neno ambalo ni jina la jua pia. Moyo utaruka: kumbe ni yale yale! Mfanano huu ni wa kweli na unapendeza, nao wafaa kumwondolea dharau. Walakini haumpi ufahamu. Mkimbu hakungoja kufunguliwa katika kuzaliwa mara nyingi, na mwogaji wa Kashi hasalimu mizimu ya machifu wa Ukimbu. Anayesema dini zote ni moja akiwa ameitazama moja kwa asubuhi moja amejipunguzia kazi ya kujifunza.

Gumu kuliko yote ni hili. Moto wa Manikarnika hushikwa na Wadom, watu ambao kwa daraja za kuzaliwa walihesabiwa najisi tangu kale. Hapana maiti atakayewashwa pasipo moto wao, na bado waliotumikiwa waliogopa kuwagusa. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilikataza unajisi huo. Desturi husikia sheria polepole. Je, staha ya mgeni yamlazimu kunyamazia na hili? Gandhi alipohutubu Varanasi mwezi wa Februari 1916, wakati wa kufunguliwa kwa Chuo Kikuu cha Kihindu, aliwakemea wasikilizaji wake kwa uchafu wa vichochoro vya hekalu la Vishwanath. Alisema kama mwana wa nyumba, na hata hivyo wengi walikasirika. Mgeni hana udugu huo wa kumkinga. Na akisema, huenda akaulizwa habari za vikongwe waliouawa Usukumani na Unyamwezini kwa sababu ya macho mekundu, jirani kabisa na kwao. Swali hilo halimwamuru kunyamaza. Linamtaka aseme kama mtu ambaye nyumba yake nayo ina doa, na kwanza amsikilize Mdom mwenyewe, ambaye kwa kawaida wageni humpiga picha bila kumwuliza neno.

Wala Afrika ya Mashariki haikuwa mgeni tu katika jambo hili. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa katika Nile huko Jinja, Uganda, na mwaka 1997 waziri mkuu wa India, I. K. Gujral, alifunua sanamu yake mahali hapo. Hivyo mto wa Wasoga umekuwa mahali pa ziara kwa watu wa mbali. Mwendo mfupi kutoka hapo, mto ukishuka, palikuwa na maporomoko ya Bujagali, ambapo Wasoga waliheshimu mzimu wa jina hilo. Waliokuja kujenga bwawa la umeme nao walikuwa wageni penye ibada ya wengine, na wao walikuwa na shughuli kubwa, yenye faida kwa taifa zima. Mitambo ilizinduliwa mwaka 2012. Sanamu ya Gandhi ingali inaonekana. Maporomoko yako chini ya maji, na anayetaka kumwonyesha mtoto wake mahali babu zake walipoomba hana budi kumwelekeza kwa kidole katikati ya ziwa.