Daftari la Majina

Mvua za kwanza zikianza hapa Tunduma, kando ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, utawakuta akina mama wanauza makusu kwenye sahani. "Onja kwanza, mwanangu," aliniambia mmoja. Nililibana tunda, ganda likapasuka, nikanyonya nyama yake ya manjano hadi zikabaki mbegu tupu ulimini. Ng'ambo ya mpaka Wabemba huyaita masuku.

Mti wake, Uapaca kirkiana kwa jina la kitaalamu, umeandikwa katika vitabu viwili vya mimea. Upande wetu ni Flora of Tropical East Africa, iliyoanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012. Upande wa Zambia ni Flora Zambesiaca, iliyoanza 1960. Mpaka wa Tunduma umepita hata kwenye rafu ya vitabu.

Lakini mwaka 1983 mtaalamu wa mimea Frank White alichapisha ramani ya uoto wa Afrika kwa maarifa aliyoyakusanya miaka mingi, na miombo ya huku kwetu akaiweka katika ukanda mmoja na ile ya Zambia hadi Angola. Wengine wameitafuta mipaka ya kanda kama hizo kwa hesabu. Kanuni ya 1948 ya mtaalamu wa mimea Thorvald Sørensen, ya kupima jinsi mahali pawili panavyofanana, ni nyepesi kama hesabu ya sokoni: tuseme huku kuna aina 40 za mimea, kule 50, na 30 ziko kote kuwili. Zidisha 30 kwa mbili, gawanya kwa 90: undugu wa theluthi mbili. Linganisha hivyo orodha za bara zima, na kanda hujitokeza.

Nimekaa sana na hesabu hii. Mti ulioko mahali pamoja tu, ambao sote tungeusafiria kwenda kuushangaa, hapa hauunganishi chochote. Undugu unabebwa na miti iliyoko kote kuwili: mkusu wa kwenye sahani na mninga wa milango yetu. Halafu kuna ile nafasi tupu kwenye orodha. Huenda mti haupo kweli. Huenda hakuna aliyewahi kufika kuutafuta. Kwa macho hali hizo mbili zinafanana. Ee Mungu, ni wangapi nimewaandika hawapo, kumbe ni mimi sikufika kwao?

Juzi niliingia porini wilayani Momba na daftari. Chini ya mkusu niliinama, nikapapasa jani lake nene lililoanguka, mishipa imejipanga kama mbavu. Nikaandika jina lake. Pembeni palikuwa na kichaka nisichokijua. Nikakaa chini kumsubiri mzee mchunga ng'ombe aliyekuwa akija taratibu, nimwamkie, kisha nimuulize.