Mwavuli Mweusi wa Kiumbe Asiyeonekana

Mstari wa ikweta unapita wilaya ya Kasese karibu na Kikorongo, na aliyeshika njia ya Bwera saa saba mchana anajua uzito wa jua la huko. Ndiyo maana Muumba alitutia melanini ngozini, rangi nyeusi inayoukinga mwili na miale. Ajabu ni kwamba rangi ya jamii hiyo hiyo amempa pia fangasi asiyeonekana kwa macho, kriptokoka.

Makao yake ni vinyesi vya njiwa, udongo na mashimo ya miti inayooza. Huitandaza melanini kwenye ukuta wa seli yake kama mwavuli, jua na joto visimmalize. Tukimvuta pamoja na vumbi, askari wa mwili humwagia kemikali za kumuunguza. Mwavuli ule huzizima. Kwa aliyedhoofishwa na VVU, hupanda hadi ubongoni na kuleta homa ya uti wa mgongo. Na malighafi ya rangi yake hajitengenezei. Huiokota alipo, na ubongo wetu una dopamini tele, ambayo ni malighafi hiyo hasa. Hata dawa ya amfoterisini B hunaswa na rangi hiyo, makali yake yakapungua.

Lakini rangi hiyo hiyo humfichua. Mwaka 1962, mtafiti Mjerumani Friedrich Staib alionyesha kwamba fangasi huyu akioteshwa kwenye chakula chenye mbegu za nugi, zao la mafuta la Ethiopia, hugeuka kahawia, na hapo hutambulika.

Utafiti wa tiba ya homa hiyo uitwao AMBITION, ulioshirikisha wagonjwa wa Kampala na Mbarara, ulitoa matokeo mwaka 2022: dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa katika vitone vya mafuta, pamoja na dawa za flusitosini na flukonazoli kwa wiki mbili, haikupitwa na matibabu ya dripu za wiki nzima. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Aliyempa fangasi mwavuli ndiye aliyeotesha mbegu ya kumfichua, na ndiye aliyetupa akili ya kuvikutanisha. Basi, ndugu msomaji, mwenye VVU akiumwa kichwa siku nyingi asingoje. Tone la damu linatosha kuonyesha kama kriptokoka amekwisha kuingia.