Nyani Alisema Kweli

Kwenye kijiwe cha kahawa Maganzo, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, ukiutaja mji wa Bucha, Ukraine, hujibiwi habari za Bucha. Utawataja raia waliouawa huko Machi 2022, mji ukiwa mikononi mwa askari wa Urusi, na mbishi atakuuliza: "Na Iraq je?" Kisha anakunja mikono. Mwenzake anamalizia: nyani haoni kundule.

Methali hiyo tunaionea. Inamsuta nyani kwa kujisahau, lakini haisemi kwamba kundu aliloliona halipo. Lipo. Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq mwaka 2003 kwa kisingizio cha silaha ambazo hazikupatikana, na mimi sizipi kiti cha hakimu. Ila nani anafaa kuhukumu ni swali moja, na nini kilitendeka ni jingine. Ujanja wa "na wao je?" ni kuyafunga mawili hayo kamba moja ili yazame pamoja. Wasovieti waliujua: wakiulizwa habari za kambi zao za wafungwa, walijibu kwamba Marekani watu weusi wananyongwa. Na kweli walinyongwa. Uongo mtupu usingefaa kazi hiyo.

Kuuliza si haramu. Februari 2022, kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, balozi wa Kenya Martin Kimani aliipinga Urusi kwa kuigusa mipaka ya Ukraine, na katika hotuba hiyohiyo akayalaani mataifa makubwa yanayovunja sheria ya kimataifa, yakiwemo ya Baraza lenyewe. Aliongeza washtakiwa bila kumwachia yeyote. Machi 2, Baraza Kuu lilipopiga kura, Kenya iliunga mkono azimio la kuilaani Urusi, Tanzania ilijizuia. Wapo wanaosema kwa kujizuia tunawalipa Wasovieti fadhila za ukombozi wa Afrika. Sawa, lakini Waukraine nao walikuwa Wasovieti.

Turudi nyumbani. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na asilimia 75 ya mgodi wa Mwadui, ilikubali suluhu ya pauni milioni 4.3 na watu 71 waliofungua madai Uingereza. Walidai kwamba walinzi na polisi waliwapiga na kuwafyatulia risasi, na kwamba wengine waliuawa. Petra haikukubali kuwajibika kisheria, ila ilikiri kwamba matukio yalikuwepo. Jibu lililo jepesi mdomoni unalijua: si wabeshi hao, wachimbaji wa kuvamia? Si waliingia kuiba?

Wapo walioingia. Kuingia kwa mtu kuna mashtaka yake, na risasi ina mashtaka yake. Hakuna mama wa Maganzo atakayekubali moja lifute jingine juu ya mwili wa mwanawe.

Ukipita kijiweni, mwulize mbishi wetu "na wabeshi je?" uone kama atakunja mikono.